Mada Ikishaisha

Vitunguu vya Lumuma huliwa na watu wengi wasiojua Lumuma iko wapi. Iko Kilosa, upande wa milimani, jirani na Mpwapwa, mahali ambapo mto wenye jina hilohilo hushuka kutoka safu za Rubeho na kuingizwa mashambani kwa mifereji. Wakulima wa huko wamekaa na kitunguu muda mrefu kuliko wataalamu wengi waliokisoma darasani. Kwa sababu hiyo, kutoa mada mbele yao si kazi ngumu. Kazi ni kujibu. Mada mtu anaweza kuiandaa jana yake usiku kwenye nyumba ya wageni, lakini maswali ya wenyeji yamekuwa yakiandaliwa tangu msimu uliopita, siku ile gunia la tatu lilipofunguliwa na kukutwa limeoza katikati.

Katika mikutano ya wakulima ya mkoa wa Morogoro kazi yangu mara nyingi imekuwa kuandika muhtasari. Mwandika muhtasari hukaa pembeni, hatakiwi kusema, na hakuna anayemwangalia, kwa hiyo yeye ndiye mwenye nafasi ya kuwaangalia wengine. Nimewaona watoa mada wa kila aina: wenye shahada na wenye projekta, wenye sauti nzuri, wenye vichekesho. Wengi hufanya vizuri mpaka pale wanapotamka, "Kuna maswali?" Baada ya hapo huwa kama wamevuliwa koti. Wachache sana, kuanzia hapo, ndipo wanapoanza kazi. Mmoja wao ni bibi shamba ambaye jina lake nitaliacha, kwa kuwa hapendi kuandikwa. Ufundi wake nimeutazama kwa subira, na sidhani kama nimeumaliza.

Kwanza, hasemi "Kuna maswali?" Swali hilo lina mlango wa kutokea: likijibiwa kwa kimya, mtoa mada hushukuru, hukunja makaratasi na kupanda pikipiki. Yeye husema, "Mimi nimemaliza. Sasa niambieni wapi nimesema jambo ambalo hapa kwenu haliko hivyo." Halafu hukaa. Huyu ni mtu aliyesimama muda wote akieleza, na kule kukaa kwake peke yake kunabadilisha mkutano, maana sasa aliyekaa ni yeye na atakayesimama ni mkulima. Hufungua daftari, huchukua kalamu, na hungoja.

Kimya kinachofuata huwa kirefu. Mgeni hukiogopa. Hudhani watu wameridhika, au hawakuelewa, au wamechoka, na haraka haraka hukijaza kwa maneno: "Basi kama hakuna, mimi niongeze tu kidogo..." Hapo ameshaharibu. Kimya cha mkutano wa kijiji kina utaratibu wake. Vijana wanawangoja wazee wafungue. Wazee wanaangaliana nani aanze. Mwenye swali zito anangoja mwenye swali jepesi atangulie, aone linavyopokelewa. Ukimkatisha huyo wa pili, yule wa kwanza hutamsikia tena. Bibi shamba wetu anakijua kimya hicho, na hunywa maji taratibu mpaka kiishe chenyewe.

Nitaeleza swali moja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila ninachokisifia.

Mada ilikuwa uvunaji na uhifadhi wa vitunguu. Alikuwa ameeleza kwamba maji yakatwe kama wiki mbili kabla ya kung'oa, na kwamba mkulima asiongozwe na kalenda tu, aangalie shamba: majani ya karibu nusu ya vitunguu yakishalala yenyewe, kitunguu kimekomaa. Akasimama mzee mmoja, akavua kofia, akasema: "Mwanangu, tumekusikia. Sasa mimi zamu yangu ya maji ni usiku wa Jumatano. Nikiiacha wiki mbili, mwenzangu wa chini ataizoea. Msimu ujao nitaipata wapi?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la wanaojua jambo lenyewe. Mtoa mada wa kawaida hapo angerudia somo. Angesema, "Mzee, nimeeleza kwamba ukiendelea kumwagilia vitunguu vitaoza," na angekuwa sahihi kabisa, na mzee angevaa kofia yake na kukaa, na usiku wa Jumatano angefungua maji kama kawaida. Maana mzee hakuwa na shaka na kuoza. Alikuwa na shaka na jirani.

Bibi shamba alisimama. Kwanza akalirudia swali, kwa sauti ya kufika nyuma, kwa maneno yake mwenyewe: kwamba mzee anakubali kukata maji, ila anahofia atakayeacha zamu kwa faida ya kitunguu atakuja kuipoteza kwa hasara ya shamba. Akamgeukia: "Nimekusikia sawasawa, baba?" Mzee akasema, "Hapo hapo." Ndipo akajibu, na jibu lake alilikata vipande viwili mbele ya watu wote.

"Baba, hapa una maswali mawili, na moja si langu. La kwangu ni hili. Kitunguu kikinyweshwa mpaka siku ya kung'olewa, shingo yake haikauki wala haifungi, na uozo huingilia hapohapo shingoni, hata ukikianika namna gani. Na ukikipa urea mwishoni ndiyo kabisa, shingo inanenepa. Hilo nakuhakikishia. Hili la pili, la zamu, mimi nikilijibu nitakuwa nakudanganya, maana siku nikiondoka hapa sitakuwepo usiku wa Jumatano. Mwenyekiti wa mfereji yupo?"

Alikuwepo. Alikuwa amekaa nyuma, kwa starehe, kama mtu ambaye mkutano haumhusu. Ikabidi asimame. Na kwa kuwa swali lilikuwa limeshasemwa mara mbili mbele ya mkutano, hakuweza kulijibu kwa mzunguko. Baada ya kujikunakuna alisema kwamba zamu iliyoachwa kwa ajili ya kukausha shamba haihesabiki kuwa imeachwa, na mwenyewe ataikuta msimu ukianza. Bibi shamba akamuuliza katibu kama ameandika. Katibu, ambaye hakuwa ameandika, akaandika.

Maji ya mto ni ya umma. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayeyachukua kwa mfereji awe na kibali cha bodi ya bonde, ambayo kwa huku ni Wami/Ruvu. Lakini nani afungue maji usiku wa Jumatano, na nani amwamini nani, kibali hakisemi. Swali la mzee lilikuwa limekaa katika pengo hilo, na mtaalamu wa kilimo hana mamlaka ya kuliziba. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kutambua kwamba swali limeletwa kwake kwa sababu yeye ni mgeni, na mbele ya mgeni jambo linaweza kusemwa bila kuonekana ugomvi. Akalipokea kwa heshima, akamkabidhi mwenyekiti wa mfereji. Lingekuwa jambo jepesi sana kwake kulipuuza kwa kusema "hilo liko nje ya mada".

Kule kulirudia swali, ambako watu hudhani ni mazoea tu ya mikutano, nimekuja kuona ndiko uti wa mgongo wa kazi yote. Walioko nyuma wanasikia. Mjibuji anapata pumzi. Zaidi ya hayo, muulizaji anapata nafasi ya kukataa. Nimemsikia mara nyingi akiambiwa, "Hapana, sikusema hivyo," naye hufuta alichoandika na kusema, "Haya, nisahihishe." Swali la pili, lile linalokuja baada ya kusahihishwa, karibu siku zote ni bora kuliko la kwanza, kwa sababu watu wengi husimama wakiwa na jambo moyoni bila kuwa na maneno yake, na wanayapata wakishasikia mtu mwingine anajaribu kuyasema.

Ni tofauti kabisa na tunavyozoea kusikia redioni kutoka Dodoma. Bungeni swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi. Wizara hulifanyia kazi, na waziri husimama kusoma jibu lililoiva. Hakuna ubaya, nchi haiwezi kuendeshwa kwa kubahatisha. Ila wasikilizaji wote wanajua kwamba utamu uko kwenye swali la nyongeza, lile ambalo waziri hajapewa karatasi yake. Hapo ndipo unapojua kama ameijua wizara au ameisoma. Sasa huku kijijini hakuna swali la msingi. Yote ni ya nyongeza.

Yako maswali ambayo si maswali. Kila mkutano una bwana mmoja, mara nyingi ameshawahi kugombea kitu, anayesimama na kutangaza kwamba ana maswali matatu, maoni mawili na nyongeza ndogo. Huanza na historia ya kijiji. Wenyeviti wengi humkata: "Ndugu, uliza swali!" Naye hukasirika, na nusu ya mkutano humwonea huruma hata kama walikuwa wamemchoka. Bibi shamba humwacha aende kiasi, huku akiandika kweli, hajifanyi. Kisha akipata mahali pa kuvuta pumzi humwingilia kwa upole: "Kaka, katika hayo yote, la shina ni lile la mbegu, au nimekosea?" Sijaona hata mmoja aliyesema amekosea. Bwana yule huwa amepewa heshima kwamba katika maneno yake kulikuwa na shina, na mkutano umeokolewa. Mimi niliyekuwa naandika muhtasari ndiye shahidi kwamba mara nyingine shina lenyewe lilikuwa la kutafutwa kwa tochi.

Yako ya mtego pia. Kijana mmoja, mwenye simu mbili, alimuuliza: "Wewe mwenyewe una shamba la vitunguu?" Kicheko kikubwa. Swali hili limewaangusha wataalamu wengi, kwa kuwa hushawishi mtu ajitetee kwa vyeti. Alijibu bila kubadili sauti: "Vitunguu sina. Nina mahindi, robo ekari, na mwaka jana viwavijeshi walinizidi nguvu. Kwa hiyo nilichokuja nacho ni cha wakulima wengine niliowatembelea na cha watafiti, na ndiyo maana nimeanza kwa kuwaomba mnisahihishe." Kisha akamgeuzia: "Wewe unalima ngapi?" Kijana akasema ekari moja na nusu. "Na thiripi unawafanyaje?" Kijana akaeleza dawa anayopiga, na kwamba siku hizi anapiga mara nyingi kuliko zamani lakini hawafi. Pale pale likafunguka somo zuri kuliko lililokuwa kwenye mada. Wadudu wale hujificha ndani, majani yanapoanzia, na dawa ikipigwa juujuu haiwafikii. Dawa ileile ikirudiwarudiwa wanaizoea, na majeraha wanayoyaacha kwenye majani huufungulia njia ugonjwa wa baka zambarau. Kijana alikuja kumtega, akaishia kuwa mfano wa kufundishia, na aliondoka anajiona mshindi. Sijui kama aliona lilivyofanyika.

Halafu kuna "sijui". Nchini mwetu mtaalamu anaogopa neno hilo kama deni. Tumewalea wataalamu wetu waamini kwamba aliyesimama mbele hawezi kukosa jibu, na matokeo yake wakulima wamekusanya kwa miaka mingi majibu ya kubuni yaliyotolewa kwa kujiamini. Mama mmoja alileta mche uliojikunja majani kama msokoto wa tumbaku, akauliza ni ugonjwa gani. Bibi shamba aliugeuza, akaunusa, akachana jani, akatazama mizizi. Akasema: "Mama, sijui. Ninaweza kubahatisha, na nikibahatisha utanunua dawa kwa pesa yako. Nipe miche miwili pamoja na udongo wake. Nitaipeleka chuo kikuu cha SUA, Morogoro. Mkutano ujao nitakuja na jibu, au nitakuja kusema bado." Akaandika. "Sijui" yake ilikuwa na anwani na tarehe, na hapo ndipo ilipokuwa na thamani. "Sijui" tupu ingemwacha mama pale alipokuwa.

Ufundi huu una historia yenye pande mbili katika nchi hii, na mkoa wa Morogoro umeonja ule wa pili. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere, wakati huo bado mwalimu wa Pugu, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa jijini New York kueleza msimamo wa chama cha TANU. Hotuba hiyo ndiyo inayokumbukwa. Lakini utaratibu wa baraza ulikuwa kwamba mwombaji akimaliza maelezo yake, wajumbe humhoji, na miongoni mwa waliokaa mezani ilikuwamo Uingereza yenyewe, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika. Kusema madai ya nchi kutoka kwenye karatasi ni jambo moja. Kuulizwa na anayekutawala, mbele ya mataifa, na kujibu bila kupandisha sauti wala kutoa zaidi ya ulichotumwa, ni jambo jingine. Aliporudi ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi. Mara nyingi nadhani ualimu ulikuwa umeshamfanyia kazi yake kule New York, maana mwalimu wa darasani huulizwa kila siku.

Miezi michache baadaye, mwaka uleule, upande wa pili ulionekana Uluguru. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuhifadhi udongo wa milima ile, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Nia ilikuwa na maana yake, udongo ulikuwa unakwenda na mvua. Wakulima nao walikuwa na maswali: mbona ukichimba ngazi kwenye mteremko mkali udongo mzuri wa juu unafukiwa na mbaya unakuja juu? Kazi hii yote ataifanya nani, na saa ngapi? Je, ardhi ikishatengenezwa vizuri haitachukuliwa? Hayo yalikuwa maswali ya watu wanaoijua milima yao, na lile la udongo wa juu lilikuwa la kitaalamu kabisa. Walioyauliza walionekana wakaidi. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Wanahistoria wameeleza kwa kirefu siasa zilizokuwa nyuma ya ghasia zile, na ni kweli siasa zilikuwepo. Mimi nikisoma habari zile jicho langu huishia kwenye mikutano iliyotangulia, ile ambayo bwana mkubwa alieleza matuta, akauliza kama wameelewa, akaondoka.

Kwa hiyo bibi shamba anapoingia Lumuma, huwa anaingia mahali penye kumbukumbu, hata kama hakuna anayeitaja. Kilosa hasa ina maswali ambayo mjibuji mzembe anaweza kuwasha nayo moto. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Mkutanoni mtu akisimama na kuuliza, "Na hawa wanaoingiza ng'ombe kwenye vitunguu vyetu tuwafanyeje?", ile "tuwafanyeje" inapimwa na kila sikio lililopo. Hapo nimemwona akibadilika. Hatanii, hataji kabila, hakubali neno "hawa" lipite hivihivi. Huuliza ni shamba lipi, siku gani, na kama taarifa ilifika kwa mtendaji wa kijiji. Swali lenye hasira linapodaiwa tarehe na mahali, hupoa kidogo na kuwa malalamiko yanayoweza kushughulikiwa. Na kama muulizaji hana tarehe wala mahali, mkutano wenyewe unaona. Halipi swali hilo muda mrefu, na halijibu kwa niaba ya wasiokuwepo. Husema litaingia kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ni wa kila mkazi mtu mzima, mfugaji naye akiwamo.

Kuna swali moja ambalo lazima lije, uwe umetoa mada ya mbegu, ya mbolea au ya ukimwi. Ni la lumbesa. Mkulima anapeleka kitunguu chake, dalali anashona gunia juu ya gunia mpaka linasimama kama mjamzito, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza ufungashaji wa zaidi ya kilo 100, Wakala wa Vipimo wapo, na lumbesa ipo. Wataalamu wengi hulikimbia: "Hilo ni la watu wa biashara." Yeye hulichukua, kwa sababu ameshang'amua kwamba kwa mkulima hilo ndilo swali la mada yoyote. Ukimfundisha mtu kuongeza mavuno halafu nyongeza yote iende kwenye kichwa cha lumbesa, umemfundishia dalali. Hana uwezo wa kuikomesha, na hasemi anao. Huwaeleza sheria inavyosema, kwa maneno mepesi, kisha huwauliza wao: ni wangapi hapa wana mizani? Huwa kimya. Ni wangapi wangeweza kuchangia mmoja? Kuanzia hapo wanajibishana wao kwa wao, naye hukaa tena. Kuna nyakati nimeona anakaa kwa muda mrefu, kalamu inakwenda, wakulima wanaulizana na kujibiana kana kwamba hayupo, na nadhani hiyo ndiyo furaha yake kubwa katika kazi hii, ingawa sijawahi kumuuliza.

Wanawake ni sura nyingine. Wao ndio wanaokaa kwenye vitalu wakipandikiza, wakipalilia na kuchambua, lakini mkutanoni upande wao hausimami. Ukiwabembeleza, "Na akina mama mseme," unawaongezea aibu. Alichobuni ni rahisi mno hata naona haya kukisifu: kabla ya kufungua maswali huwaambia watu wote wageukie waliokaa karibu, wazungumze kidogo, kisha kila kundi litoe swali moja. Sasa mama haulizi kwa jina lake. Anasema, "Sisi hapa tunauliza..." Chini ya kivuli cha "sisi" nimesikia maswali ambayo yasingetoka kamwe: kama dawa inayopigwa asubuhi inaweza kumdhuru mama anayenyonyesha akiingia kupalilia mchana, kwa mfano. Swali hilo lilisimamisha mkutano. Wanaume waliokuwa wanapiga dawa waliangalia chini. Alilijibu kwa uzito uleule aliotumia kwa mzee wa zamu: ndiyo, inaweza, kila dawa ina muda wake wa kungoja kabla ya kuingia shambani, umeandikwa kwenye kibandiko cha chupa, na kama kibandiko kimebanduliwa basi dawa hiyo isinunuliwe.

Hata hivyo, mengine hayatoki kabisa mpaka mkutano ufungwe. Kwa hiyo haondoki haraka. Husimama karibu na pikipiki yake akifunga mizigo ambayo ingeweza kufungwa kwa dakika moja, na watu humjia mmojammoja. Huko ndiko huulizwa kuhusu mkopo uliokwama, mume aliyeuza mavuno yote, mtoto anayetaka kwenda chuo cha kilimo. Haya hayaandiki. Ninajua tu kwamba huyasikiliza kwa sababu huwa namngoja.

Watu wa warsha wana orodha zao za mbinu: tazama muulizaji machoni, shukuru kwa swali zuri, jibu kwa ufupi. Sina ugomvi nazo, ila ile ya kushukuru swali zuri naipinga. Ukimwambia wa kwanza swali lake ni zuri na wa pili usimwambie, umeshawapa alama kama wanafunzi. Bibi shamba hasifii swali. Hulifanyia kazi, na muulizaji anaona.

Mkutano uliofuata nilikuwepo. Mada mpya ilikuwa ya vitalu, na watu walishakaa wakingoja aianze. Akaanza na daftari. Alisoma maswali aliyokuwa amebaki nayo mara ya mwisho, moja baada ya jingine, akitaja aliyeuliza. Lile la zamu, akamwomba mzee aseme kama mwenyekiti wa mfereji ametimiza. Mzee akasema mpaka sasa ndiyo. Lile la mche uliojikunja, akasema majibu kutoka Morogoro hayajakamilika, wameomba sampuli nyingine, na yeye mwenyewe atapita kwa mama kesho asubuhi kuichukua. Lile la mizani, akauliza mmefikia wapi. Wakaangaliana. Akasema atangoja.

Yule kijana wa simu mbili akanyoosha mkono. "Bibi shamba, kabla hujaendelea, nina swali la nyongeza."

Akakaa, akachukua kalamu.